Wanawake wa Afghanistan na Mashoga Zao

SWALI: Mhariri, kikoba chetu hukutana kila Jumamosi hapa Mbagala, na juzi baada ya kuhesabu fedha mazungumzo yaliingia Afghanistan. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba wanawake wa huko wameishi hivyo, bila shule wala kutoka ovyo, tangu zama za mababu, kwa kuwa ndiyo dini na mila yao. Mwingine akauliza: ikiwa binti hasomi na mama hatoki ovyo, mtu na shoga yake huonana wapi? Tunaomba ufafanuzi.
Katibu wa kikoba, Mbagala

JIBU: Dada zangu, hoja ya zama za mababu haisimami, kwani hali ya mwanamke wa Afghanistan imegeuka karibu kila utawala ulipogeuka. Mwaka 1921, enzi za Mfalme Amanullah Khan na mkewe Soraya, ilifunguliwa shule ya wasichana mjini Kabul. Mfalme alipong'olewa mwaka 1929, shule za wasichana zikafungwa. Katiba ya 1964 iliwapa wanawake haki ya kupiga kura, Taliban walioiteka Kabul mwaka 1996 wakawarudisha ndani, na Katiba ya 2004 ikawatengea viti bungeni, jambo tunalolielewa vizuri sisi wenye viti maalumu. Taliban walirejea madarakani tarehe 15 Agosti 2021, na Machi 23 mwaka uliofuata wasichana wa sekondari waliokuwa wameitwa shuleni walirudishwa makwao siku hiyo hiyo. Ni kweli kwamba mengi ya mabadiliko hayo yalikuwa ya mjini, na vijijini yalifika kwa uchache. Kuhusu dini, vyuo vikuu vilipofungiwa wanawake Desemba 2022, Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, taasisi kongwe ya elimu ya Kiislamu huko Misri, Ahmed al-Tayeb, alitamka wazi kwamba katazo hilo linapingana na sharia.

Swali la mashoga ndilo zito zaidi, na kwa maoni yangu halizungumzwi inavyostahili. Katika utawala wa kwanza wa Taliban, wanawake wa mji wa Herat waliingia katika nyumba moja wakiwa na vitambaa na sindano, kwa kuwa ushonaji uliruhusiwa, lakini chini ya vitambaa walificha madaftari, na ndani walisoma fasihi kwa walimu wa chuo kikuu huku watoto wakicheza nje ili watoe ishara mgeni akikaribia. Darasa la namna hiyo lisingedumu wiki moja bila wanawake kuaminiana, maana neno moja likivuja lingewaponza wote.

Safari hii amri zimeyalenga mpaka maeneo ya kukutania. Tangu mwishoni mwa 2021 mwanamke haruhusiwi kusafiri zaidi ya kilomita 72 bila maharimu, yaani ndugu wa kiume wa karibu. Novemba 2022 walizuiwa kuingia kwenye bustani za mapumziko za Kabul, na Julai 2023 saluni zao zikaamriwa kufungwa. Anayedhani saluni ni nywele tu hajapata kusukwa mchana kutwa akisikiliza habari za mtaa mzima (na hata Mbagala tunalijua hilo).

Kwa hiyo mtu na shoga yake huonana nyumbani kwa ndugu na majirani, katika madarasa ya siri, na kwa simu, hasa waliotenganishwa na ukimbizi. Njia hiyo nayo si ya uhakika: mwishoni mwa Septemba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku mbili, na waliokuwa wakisoma kwa simu wakakosa masomo na wenzao kwa pamoja.