Utakalo lifanyike, na kopo la maharage

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza kujiachia katika mapenzi ya Mungu kunaonekanaje katika maisha ya kila siku, na Mkristo anawashirikishaje wengine imani yake bila kuwachosha. Mimi ni mama mwuza maharage na unga wa muhogo katika soko la Kituku, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ukingoni mwa Ziwa Kivu, nami nitajibu kutoka hapo hapo penye meza yangu, kwa kuwa ndipo nilipojifunza kidogo ninachokijua.

Nianze na neno lenyewe, "mapenzi ya Mungu", maana naona tunalitumia vibaya. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, ikiwa imejaa watu na mizigo kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari yetu ya Kituku, na watu wengi wakafa wakiwa wamekwisha kuuona mji. Walipanda mashua ile kwa sababu barabara ilikuwa imekatwa na mapigano, na maharage ya Minova hayakuwa na njia nyingine ya kutufikia. Jioni ile, na siku zote za matanga, nilisikia kila upande watu wakisema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Waliosema hivyo walitaka kufariji, nami siwalaumu. Lakini Mungu hakuijaza mashua ile. Naona tunamsingizia tunapombebesha kosa ambalo binadamu angeweza kulizuia, na kisha tunarudi nyumbani tumenyamaza, na juma linalofuata mashua nyingine inajazwa vilevile.

Tangu siku zile nimekuwa nikiitazama kwa namna nyingine sala ya Yesu kule Gethsemane. Alimwomba Baba amwondolee kikombe, kisha akayakubali mapenzi yake. Na aliyasema hayo usiku, kabla ya kukamatwa, wakati njia ya kutoroka ilikuwa bado wazi. Sisi hulisema neno hilo baada ya msiba, tukiwa hatuna tena la kuchagua. Yeye alilisema mapema, akiwa bado anaweza kuchagua, na mimi nimeelewa kwamba hapo ndipo kujiachia kunapokuwa na uzito.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini na benki zikafungwa, fedha ikawa adimu, na mtaji wangu ukaliwa na tumbo la nyumba yangu. Mwenzangu mmoja wa biashara, mtu mwema aliyenionea huruma, alinishauri nigonge kitako cha kopo langu la kupimia kwa nyundo mpaka kiinuke kwa ndani. Wanaonunua sokoni wanaujua ujanja huo: kopo linajaa juu mpaka linafanya kilima, kumbe ndani kimepungua kiganja kizima cha maharage, na katika gunia moja muuzaji anabaki na makopo ambayo hakuyanunua. Sitasema kwamba nilikataa papo hapo. Nililipeleka kopo nyumbani, nikaliweka karibu na nyundo, likalala hapo usiku mzima. Asubuhi, kama kila asubuhi, nilianza Baba Yetu, na nilipofika penye "utakalo lifanyike" sikuweza kuendelea, kwa sababu kopo lilikuwa mbele ya macho yangu na nilijua wazi ni lipi alitakalo. Mama anayekuja kwangu na franka zake za mwisho ana watoto kama wangu. Nililichukua kopo likiwa na kitako chake bapa, nikaenda sokoni.

Kuhusu kuwashirikisha wengine, nakiri kwamba sina kipawa cha kuhubiri, na nadhani soko letu lina vipaza sauti vya kutosha. Petro aliwaandikia Wakristo wawe tayari kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini lao, na wamjibu kwa upole. Nimelitafakari sana neno hilo "anayewauliza", kwa maana linadai kwanza kuwe na kitu cha kumfanya mtu aulize. Aliyeniuliza mimi ni jirani yangu wa meza, mama Mwislamu, ambaye baada ya majuma kadhaa alitaka kujua kwa nini nashikilia kopo lile huku nikilalamika kwamba sina faida. Nilimweleza habari ya sala yangu na ya usiku ule. Akaniambia kwamba katika Kurani iko sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Tulizungumza mpaka soko likatawanyika, kila mmoja akimsikiliza mwenzake kwa heshima, na siku hizi wateja wangu wakikosa unga kwangu nawapeleka kwake bila wasiwasi.

Katika shirika letu la mtaa tunamkumbuka Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa hapa Goma, aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Alikataa hongo ya kupitisha chakula kilichoharibika ambacho kingewadhuru walaji, akatekwa na kuuawa mwezi Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri kule Roma, ndiyo hatua ya Kanisa Katoliki kabla ya kumtangaza mtu kuwa mtakatifu. Kinachonigusa ni kwamba alishuhudia akiwa mezani pa kazi, kwa karatasi aliyokataa kuitia sahihi, na waliookolewa na kukataa kwake hawakupata kumjua. Mimi sijatishwa na mtu yeyote kwa ajili ya kopo, wala sithubutu kujilinganisha naye; ila naona kwamba tumeulizwa swali la aina moja, yeye penye shehena, mimi penye gunia.

Mtaji wangu haujarudi ulivyokuwa, na karo ya mtoto wangu wa tatu bado haijapatikana. Kila asubuhi nasali Baba Yetu, nashuka Kituku, nageuza kopo na kupapasa kitako chake kwa kidole, kisha namwita mteja wa kwanza.

Msomaji wenu, Goma