Re: Taa ya kwenye helmeti peke yake inatosha Desemba?
Habari mkuu. Umeuliza kama taa ya helmeti peke yake inatosha ukiendesha baiskeli usiku hapo London, na kwa nini madereva wanakupigia honi. Haitoshi. Sheria ya Uingereza inataka usiku baiskeli yenyewe iwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, zinawaka, plus rifleka nyekundu nyuma. Ya kichwani ni nyongeza tu.

Honi sasa, cheki kwanza taa imeelekea wapi. Mimi wiki nzima nilidhani madereva wana roho mbaya kumbe kila nikigeuza kichwa namulika mtu machoni, nikaiinamisha mwanga ukawa unaanguka mita 5 au 6 mbele ya tairi, nikaiweka kwenye mwanga mdogo kabisa, kelele zikaisha. Raha yake ni kwenye makutano, gari likichungulia toka barabara ya pembeni unageuza kichwa kidogo tu dereva anakuona, na Desemba hii ambapo jua linazama kabla ya saa kumi, imeniokoa zaidi ya mara moja.

Kama helmeti ina taa nyekundu ya kisogoni, angalia isifunikwe na hudi ya koti. Na chaji kila ukifika kazini, baridi inamaliza betri haraka sana.