Subaru ya tabo, ramani ya Nairobi, safari ya Tanga: nijaze okteni ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2006 iliyotoka Japani. Nimefunga tabo kubwa kidogo kuliko ya kiwandani, intakula ya mbele, eksozi ya inchi 3 na pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi. Busti, yaani mgandamizo wa hewa inayosukumwa na tabo, naiongoza kwa kidhibiti cha mkono, nimeiweka psi 16. Ramani ya kompyuta, yale majedwali yanayoiongoza injini, nilichorewa Nairobi mwaka jana. Naishi Njiro, na kila baada ya miezi michache nateremka Tanga kwa wakwe. Nikiwa Arusha gari halina neno. Safari iliyopita, nilipopita Segera na kuongeza mwendo, nikasikia mlio kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo, halafu nguvu ikapungua. Nasoma Wamarekani wakisema 93 inatosha kwa gari la namna hii, na mimi najaza petroli ambayo nimeambiwa ni 95. Sasa shida iko wapi? Ninunue dawa ya kuongeza okteni? Kuna rafiki anasema anaweza kunipatia mafuta ya ndege pale uwanja wa ndege wa Kisongo.
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, legeza hicho kidhibiti mpaka gari libaki na busti ya springi ya tabo peke yake, uendeshe hivyohivyo hadi tumalize kazi. Mlio uliousikia si wa beringi. Ni petroli inayojiwasha yenyewe kwenye kona za silinda kabla moto wa plagi haujafika huko; mafundi tunaita kugonga. Tena ukiusikia kwa masikio, vioo vimefungwa na eksozi ya inchi 3 inanguruma, jua injini imegonga muda mrefu kabla hujaisikia. Nguvu ilipungua kwa sababu sensa ya kugonga ilisikia kabla yako, na kompyuta ikairudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, ili kuiokoa injini. Injini hizi za Subaru, za EJ zenye tabo, hazina msamaha mkubwa: mara nyingi kinachoanza kuvunjika ni kingo za pistoni zinazoshika ringi, na kazi hiyo haifanyiki bila kushusha injini.

Tuanze na hao Wamarekani, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Namba inayoandikwa kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili vya okteni, RON na MON. Vyote hupimwa kwenye injini ya maabara yenye silinda moja, lakini RON hupimwa injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, na MON ikizunguka mara 900 huku mchanganyiko wa hewa na mafuta umepashwa hadi karibu nyuzi 149. Kipimo cha MON ni kikali zaidi, kwa hiyo petroli ileile huja na namba ndogo, mara nyingi kwa pointi 8 hadi 10. Sisi huku, kama Ulaya na Japani, tunataja RON peke yake. Ile 93 ya Mmarekani ni sawa na 98 hivi ya kwetu, na hiyo 95 yako kwake ingekuwa 90 au 91. Umekuwa ukijilinganisha na watu wanaotumia mafuta bora kuliko yako, ukidhani yako ndiyo yamezidi.

Na gari lenyewe limezaliwa Japani. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya juu isipungue RON 96, na kwenye vituo vyao mara nyingi huuzwa kama 100. Funua kifuniko cha tangi, kama kibandiko hakijabanduka utakuta wameandika wazi kuwa linataka petroli ya daraja la juu. Hata kabla hujafunga bolti moja ya tabo, gari hili lilishuka melini likitegemea mafuta yaliyo juu ya yale ya pampu ya Kijenge. Likiwa la kiwandani linavumilia, kwa sababu kompyuta inajua kurudi nyuma. Ulipoongeza hewa, nafasi ya kurudi nyuma ukaila.

Niseme na hili, kwa sababu naulizwa kila wiki, hata na wenye Toyota IST: okteni si kipimo cha nguvu iliyomo kwenye mafuta. Ni kipimo cha ustahimilivu tu, yaani mafuta yanaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani bila kujiwasha. Ukiweka okteni 100 kwenye injini isiyoihitaji, umeunguza hela. Nguvu inakuja pale fundi anapotumia ustahimilivu huo kusogeza taimingi mbele au kuongeza busti. Ndiyo maana huwezi kuuliza okteni peke yake bila kuuliza ramani, na ramani bila kuuliza gari linaendeshwa wapi.

Hapo ndipo penye jibu lako. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko ina mgandamizo wa karibu bar 0.83. Arusha, kwenye mita 1,400, ni kama 0.86. Tanga ni usawa wa bahari, 1.01. Kidhibiti chako cha mkono hakijui lolote kati ya hayo. Springi na kiwambo cha tabo vinapima tofauti kati ya busti na hewa ya nje, basi. Psi 16 ni kama bar 1.1. Jumlisha: kule Nairobi injini ilikuwa inapokea hewa yenye mgandamizo wa 1.93, Njiro inapokea 1.96, na Tanga 2.11, huku mshale wa geji umesimama palepale kwenye 16. Toka mezani kwa fundi hadi Tanga umeongezewa karibu asilimia 9 ya hewa bila kugusa kitu. Halafu weka joto la bonde lote kuanzia Same kwenda Mombo, ambalo si la Njiro.

Kuna jambo lililofichika zaidi. Kompyuta ya Subaru hii haisomi taimingi kwa psi. Inapima hewa inayopita kwenye sensa ya hewa, inaigawa kwa mizunguko ya injini, kisha inakwenda kwenye jedwali: mizunguko upande mmoja, mzigo (hilo jawabu la kugawa) upande wa pili. Fundi wa Nairobi, hata awe hodari namna gani, amerekebisha zile safu ambazo gari lilizifikia siku hiyo, kwenye hewa nyepesi ya mlimani. Safu za mzigo mkubwa zaidi hazikuguswa kwa sababu gari halikufika huko. Tanga linafika. Linaingia kwenye namba za kiwandani, zilizoandikwa kwa tabo nyingine na petroli ya Japani. Simlaumu, labda hukumwambia una wakwe pwani.

Kwa hiyo okteni ya kuchagua, kwa matumizi yako, ni ya petroli ya kawaida inayopatikana kila kituo kati ya hapa na Tanga, na ramani ndiyo ishuke kuifuata. Najua si jibu ulilolitaka. Gari la barabarani linalotegemea mafuta ya kutafuta kwa simu litakuumbua siku moja, ukiwa Korogwe usiku.

Tena usiichukulie ile 95 kama msahafu. Petroli yetu inaagizwa kwa pamoja, meli moja inagawanywa kwa kampuni nyingi, kwa hiyo bishano la rangi gani ya kituo ina okteni kubwa halina uzito mkubwa. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye dawa za kusafisha nozeli wanazoongeza, na kwenye uaminifu wa anayeuza. Uchakachuaji tunaujua. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta ya magari, na vinasaba, yaani kemikali ya alama, huwekwa ili mkaguzi aweze kugundua. Mafuta ya taa yana okteni ndogo mno. Kiasi kidogo tu ndani ya tangi kinatosha kuifanya injini ya tabo igonge. Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, chukua risiti, usijaze wakati lori linashusha, na petroli ya chupa za kando ya barabara waachie wenye bodaboda walioishiwa. Mimi nikichora ramani ya gari kama lako huacha akiba: kwenye mzigo mkubwa napunguza digrii 2 hadi 4 za taimingi kutoka pale injini ingeweza kuvumilia kwa petroli nzuri. Mwenye gari hunung'unika siku ya kwanza.

Dawa ya kuongeza okteni. Soma kopo vizuri. Nyingi zinaandika zinaongeza "pointi 5", na kwa hesabu yao pointi moja ni sehemu ya kumi. Yaani kutoka 95 unakwenda 95.5. Zilizo kali kweli mara nyingi zina manganizi, ambayo huacha utando wa rangi ya kutu kwenye plagi na kwenye sensa ya oksijeni. Chupa moja kwa dharura sikatazi. Kuitegemea kila ukijaza tangi ni gharama ambayo kwa mwaka ingelipa ramani mpya.

Sasa Kisongo. Mwambie rafiki yako asante, na usikubali. Pale kuna mafuta ya aina mbili, na ukipewa siyo ndiyo mwisho wa injini. Ndege nyingi za watalii unazoziona zikiruka kwenda Serengeti, zile Cessna Caravan, zina injini za tabini na zinatumia Jet A-1, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa. Mtu wa dumu atakwambia tu "ya ndege". Avgas, ya ndege ndogo za pistoni, kweli ina okteni kubwa, MON yake peke yake inakaribia 100. Lakini ile ya kawaida, 100LL, ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita. Risasi inaua sensa ya oksijeni na katalisti (kisafisha moshi cha eksozi), na inatoka kwenye eksozi mbele ya watoto wa jirani. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, hakuna haja ya kuirudisha Njiro kwa dumu.

Thina ya rangi, ambayo hujauliza lakini kuna atakayekushauri: toluini safi ina okteni kubwa, ila kopo la thina dukani ni mchanganyiko ambao hata muuzaji haujui, na mpira wa mipira ya mafuta hauupendi. Spiriti, ambayo sehemu kubwa ni ethanoli, nayo hapana. Ethanoli ni mafuta mazuri sana kwa tabo, lakini inataka kilo 1 kwa kilo 9 za hewa wakati petroli inataka 1 kwa 14.7, kwa hiyo nozeli na ramani lazima vibadilike, na ile yenye maji inajitenga na petroli ndani ya tangi. Kama siku moja utaingia kwenye rali, nunua mafuta ya mashindano, chorewa ramani yake ya pili, na ukimaliza rudi kwenye ya kwanza.

Kazi yenyewe naiona hivi. Ondoa kidhibiti cha mkono na urudishe valvu ya umeme ya busti, ili kompyuta iongoze. Yenyewe ina sensa ya hewa ya nje na inaweza kuambiwa ipunguze busti inapoteremka pwani. Badilisha plagi ziwe baridi kwa hatua moja, kwa Denso ni kutoka 20 kwenda 22, kwa NGK kutoka 6 kwenda 7, na upunguze uwazi wake kidogo. Kagua mpira wa kupumulia wa injini: kama intakula ina oili ndani, mvuke huo unaingia kwenye silinda na unashusha okteni ya kila unachojaza, hata kiwe cha Japani. Hili husahaulika sana. Kisha ramani mpya kwa petroli ya pampu, mchanganyiko kwenye busti kamili uwe karibu hewa 11 kwa petroli 1, na safu za mzigo ambazo huku juu hazifikiki zijazwe kwa tahadhari, zisiachwe kama zilivyotoka kiwandani.

Na wewe uwe na njia ya kuona. Kwa waya wa kuunganisha kompyuta na simu au laptopu utasoma kizidishi cha taimingi. Kwa Subaru ya miaka hiyo kinapaswa kusimama kwenye 1. Kikishuka chini ya hapo, kompyuta haiyaamini mafuta uliyojaza, na wewe usiyaamini. Kisome ukifika Segera kabla hujakanyaga. Njia ya kurudi, na hata ukipanda ukuta wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, usiburuze injini kwa gia ya tano na mguu umezama. Shusha gia, acha izunguke. Mzigo mkubwa kwenye mizunguko midogo ndio unaogonga zaidi.

Wiki hii, kabla ya kununua chochote, toa plagi zote 4 na pima kompresheni injini ikiwa ya moto. Tazama porselini kwa kioo cha kukuza: vitone vidogo vinavyong'aa kama bati ni alumini ya pistoni. Nitumie picha na namba za silinda zote. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, tutaanza na pistoni, ramani itasubiri.