Mende wa masika wanafuata maji

Kinachowaleta mende jikoni si uchafu peke yake, ni maji. Mende wadogo wa jikoni, wale wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, wakipata maji hukaa mwezi hivi bila kula. Wakiyakosa, hata chakula kikiwepo, ni kama wiki mbili tu. Sasa mjini Moshi kuanzia Machi hadi Mei, wakati wa masika, kabati la chini ya sinki halikauki kabisa, na ubao uliolowa una ukungu ambao nao wanaula.

Anza na kiungio cha bomba la maji machafu: pitisha tishu kavu chini yake usiku, ikilowa kaza au badilisha mpira. Futa sinki likauke kabla ya kulala, dekio usiliache ndani ya ndoo. Halafu ndiyo uweke asidi ya boriki (unga wa kuua wadudu) kwenye nyufa, vumbi jembamba sana. Ukimwaga rundo wanalizunguka tu, na ikilowa inaganda, haifanyi kazi. Mbali na watoto na vyombo. Dawa ya kupuliza bila kuzuia maji ni kutupa hela, wiki mbili wamerudi.