Maswali yenu ya thrila: mmeuliza kamera, nawajibu masikio

Msimu wa filamu za wanafunzi za mwisho wa mwaka umefika na wiki hii karibu kila aliyeandika anatengeneza thrila fupi, zile filamu za roho juu. Mnanijua, mi ni mtu wa sauti, nimebeba maiki kwenye seti za wanafunzi na za Bongo Movie miaka mingi tu, kwa hiyo hata ukiniuliza rangi ya shati ntarudi kwenye sauti. Twende.

SWALI: Kaka habari, tuna simu tu tena ya kawaida, je tukope hela tukodi kamera ili kazi yetu iwe na kiwango? (Ubungo)

JIBU: Msikope. Hili swali linakuja kila wiki na jibu halijawahi kubadilika, simu mliyonayo inatosha. Hela ya kukodi kamera siku mbili nunueni maiki ndogo ya kubana shatini, pawabenki na stendi. Funga fokasi na mwanga kabla ya kila shoti, gusa skrini ushikilie kidole mpaka ifunge, na weka simu kwenye hali ya ndege, maana nimeona shoti nzuri kabisa ya mlango unafunguka taratibuuu ikakatwa na simu ya mama mtu anapiga kusalimia. Na zumu achaneni nayo, sogea kwa miguu.

SWALI: Skripti yetu ina kurasa 28, sini 19, kuna ajali ya gari, mahakama na hospitali. Tuna wikiendi mbili na tuko watu sita. Tunabanaje? (Morogoro)

JIBU: Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni kama dakika moja ya filamu, maana yake mmeandika karibu nusu saa. Timu ya wanafunzi ikimaliza kurasa tatu kwa siku imefanya kazi, nne mkikimbia, na nyie mna siku nne. Piga hesabu mwenyewe. Mi ningeshuka mpaka kurasa nane. Toeni ajali, toeni mahakama, hospitali msiiguse kabisa kule kuna wagonjwa.

Afu turudi kwenye neno taharuki, ambalo wote mlilisoma kwenye fasihi sekondari mkalijibia mtihani mkaliacha palepale kwenye karatasi. Taharuki sio kushtua. Kushtua ni mlango umepigwa paa, mtazamaji karuka, sekunde mbili imeisha. Taharuki ni pale mtazamaji anajua kitu ambacho mhusika hajui na hana namna ya kumwambia. Chukua hii: dada yuko peke yake nyumbani usiku anapika. Sisi tumeshaona mtu kaingia uani kajibanza nyuma ya tenki la maji, yeye hajaona. Mita ya LUKU inaanza kulia, yuniti zinakata. Anatafuta simu anunue umeme, simu ina chaji asilimia mbili. Basi. Nyumba moja, watu wawili, usiku mmoja, hela mliyotumia ni ya yuniti, na kila Mtanzania anayeangalia ile tii-tii ya mita anaijua mwilini mwake. Yule mtu wa uani msimuoneshe tena. Onesheni ndoo ambayo mwanzo ilikuwa imesimama, sasa imelala.

Andikeni hivyo afu ndo mje kuniuliza mambo ya kamera.

SWALI: Sini ya kufukuzana kichochoroni usiku imetoka chengachenga, na taa za nyumba zinapepesa kwenye video. Simu mbovu? (Mbagala)

JIBU: Simu nzima, giza ndo tatizo. Kamera ikikosa mwanga inajilazimisha kuona, na hizo chenga ndo jasho lake. Usiku wa kwenye filamu mara nyingi haupigwi usiku. Sisi tuko karibu na Ikweta, jua likizama giza linaingia haraka, mna kama dakika ishirini tu ambazo anga bado ina bluu na taa za nyumba zimeshawashwa. Angalieni muda wa machweo wa siku hiyo, fanyeni mazoezi kuanzia saa kumi, kila mtu ajue anakimbilia wapi, afu kwenye zile dakika ishirini pigeni shoti pana tu. Za karibu, uso, miguu, mkono kwenye ukuta, mtazipiga baadaye mkiwa na taa mbili, moja iwe nyuma ya muigizaji au ubavuni. Ile tochi ya simu mnayomulika usoni inafanya watu waonekane wamekamatwa na sungusungu. Mwageni na maji chini kwenye saruji, yanarudisha mwanga, kichochoro kinapata uhai kwa ndoo mbili tu.

Kupepesa ni kwamba umeme wetu ni wa hertz 50. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 au 1/100 ya sekunde, taa zitatulia. Ukiacha fremu 30 kama simu nyingi zinavyotoka dukani na shata ikaangukia 1/60, taa za tyubu na balbu za bei rahisi zitakusumbua, na baadaye kuzitoa ni kazi kweli.

Na tafadhali, lokesheni ikaguliwe saa ileile mtakayoshuti. Watu mnaenda saa nne asubuhi mnakuta kimya mnafurahi, mnarudi saa mbili usiku kuna baa, kuna spika ya muuza CD, kuna jenereta la mtu wa chipsi. Ukifika simama dakika tano, usiongee na mtu, sikiliza tu.

SWALI: Naweza kutumia wimbo wa Bongo Fleva sekunde kumi tu mwanzoni? Nitamtaja msanii. (Dodoma)

JIBU: Hapana. Bila ruhusa ya maandishi ya mwenye wimbo hata sekunde tano hapana, kumtaja sio kumuomba, na siku ukitaka kupeleka kazi tamasha la filamu kama ZIFF pale Zanzibar haki za muziki ni kitu utakachotakiwa uwe nacho. COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wapo, waulize. Au kaa na rafiki yako mpiga gitaa jioni moja.

SWALI: Tumenunua bastola ya plastiki Kariakoo, inafanana kabisa na ya kweli. Tunataka sini ya utekaji barabarani bila watu kujua, ili wapita njia washtuke kweli. Unaionaje? (hakutaja anakotoka)

JIBU: Naomba msifanye. Nakuomba kabisa, na ntakueleza kwa nini.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kazi ya vijana mtaa mmoja hapa Dar. Kijana anaigiza kibaka, anapora mkoba anakimbia. Kamera tuliificha ghorofani ng'ambo ya barabara ili ionekane ya kweli, kwa hiyo pale chini hakuna mtu aliyeona kamera wala stendi wala nini. Muigizaji wa kike akapiga kelele mwiziii kama skripti ilivyosema. Mi nimevaa hedfoni, maiki iko kwenye shati la yule kijana. Nikasikia pumzi zake za kukimbia, nzuri tu, nikawa nafurahia sauti. Afu pumzi zikabadilika. Nikasikia mawe yanaokotwa, yale ya kokoto yana sauti yake. Afu nikamsikia anasema ni filamu, jamani ni filamu, naigiza, na hakuna anayemsikiliza. Mpaka tunashuka ngazi zile ghorofa tatu kuna dereva wa boda mmoja aliyekuwa anamjua kwao ameshajilaza juu yake. Alishonwa nyuzi saba kichwani. Yuko hai kwa sababu ya yule wa boda tu, sisi tuliokaa kwenye kikao tukaitikia wazo zuri hatukumsaidia chochote. Ile sauti bado ninayo, sijawahi kuifuta na sijawahi kuisikiliza tena.

Mwizi, bastola, kutekwa, hayo maneno mtaani kwetu yanaamsha hofu ya kweli na hasira ya kweli, na mtu mwenye hasira haangalii kama kuna klapa, kile kibao cha kuanzishia shoti. Kwa hiyo: mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue siku na saa, kituo cha polisi cha karibu kijue kama kuna silaha ya bandia, kamera ionekane, watu wawili wenye vizibao vya kung'aa wasimame kila mwisho wa barabara wawaambie wapita njia, na hao wapita njia wanaoonekana kwenye shoti wawe ni wenzenu mliowaomba. Bastola inakaa kwenye begi la mtu mmoja, inatoka shoti ikianza, inarudi shoti ikiisha, hakuna kupiga nayo selfi, hakuna kuivaa kiunoni kwenda kununua maji.

Bastola ya kweli ndo msiiguse kabisa, hata kama mlinzi wa chuo atawaazima yake aseme haina risasi. Oktoba 2021 kule New Mexico, Marekani, kwenye seti ya filamu yenye bajeti na mtaalamu wa silaha wa kulipwa, mpiga picha Halyna Hutchins alikufa mazoezini kwa bastola iliyoaminiwa haina risasi ya moto. Nyie mtakuwa na mlinzi na maneno yake tu.

SWALI: Damu ya bandia? (Arusha)

JIBU: Chemsha sukari na maji mpaka iwe nzito, ipoe, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo iwe na ule uzito wa kahawia. Tomato sosi inaonekana tomato sosi. Mwe na mashati mawili yanayofanana maana la kwanza halitatakata, na shoti za damu ziwe za mwisho wa siku.

SWALI: Muigizaji wetu wa kike hataki kufungwa mdomo na kamba mikononi, anasema anakosa pumzi. Muongozaji anasema hana moyo wa sanaa. Tubadilishe muigizaji? (Mwanza)

JIBU: Badilisheni muongozaji, au akae chini ajifunze. Mtu akisema anakosa pumzi hilo ndo jibu. Kamba haifungwi kweli, inazungushwa na mwisho wake yeye mwenyewe anaushika kiganjani, akiuachia inaanguka. Kitambaa kinapita juu ya midomo, hakiingii mdomoni, na pua inabaki wazi. Mkubaliane neno moja ambalo sio la kwenye skripti, akilisema kila kitu kinasimama, hata kama shoti ni nzuri vipi, na kama mdomo umezibwa basi iwe ishara ya mkono. Na mngenisikiliza mi mngemtoa kabisa kwenye picha: kamera ibaki kwa dada yake sebuleni anaongea na mgeni, na sisi tusikie kisigino kinagonga ukuta wa chumba cha pili, mara tatu, afu kimya. Yeye kakaa kitini anakunywa maji yake, anagonga kwa ndala.

SWALI: Tulirekodi sauti na simu ileile ya kamera, tulikuwa kama mita nne. Kuna mwangwi na feni. Kuna app ya kusafisha? (Mabibo)

JIBU: App zipo na zinasaidia kidogo, feni itapungua, na sauti ya binadamu itabaki kama anaongea ndani ya debe. Mwangwi ndo mbaya zaidi. Nimesema humu na ntasema tena, maiki iwe karibu na mdomo, urefu wa mkono au chini ya hapo. Huna maiki? Simu ya pili, mfukoni mwa muigizaji au chini ya mto, inarekodi sauti tu. Piga kofi moja mbele ya kamera kila mkianza shoti ili mhariri alinganishe picha na sauti. Fimbo ya bumu, ile ya kuning'iniza maiki juu ya waigizaji, ni mpini wa fagio na utepe.

Kabla ya kushuti zima feni, zima friji, na ukizima friji weka funguo zako ndani ya hiyo friji, huwezi kuondoka bila kuiwasha, maana nyama ya mwenye nyumba ikioza mwakani hampati nyumba. Chumba kitupu chenye vigae lete magodoro na mablanketi, yaegemeze ukutani upande ambao kamera haioni. Nyumba ya bati usipange masika, Machi hadi Mei, mvua moja tu siku imekwenda. Jua saa za adhana na za ibada mpange mapumziko yenu hapo. Na kila chumba, mkimaliza, wote simameni kimya mrekodi sekunde thelathini za chumba kisicho na mtu anayeongea. Mhariri atawashukuru.

Afu rekodini vitu peke yake, karibu kabisa: komeo linavutwa, ndala kwenye saruji, kiberiti, kifuniko cha sufuria kinatetemeka. Hapo ndo hofu ilipo. Mkishaunganisha kazi, geuzeni skrini isikilizwe tu, mkiona mtu anaanza kucheza na simu sini hiyo rudini nayo.

SWALI: Sisi wanafunzi tu, kibali kinatuhusu? (Zanzibar)

JIBU: Ulizeni kabla, sio baada. Bara ni Bodi ya Filamu, na sheria yenyewe ni ya 1976, inataka kibali kabla ya kutengeneza filamu ya kuoneshwa kwa watu. Kwako Zanzibar nenda BASSFU, baraza la sanaa na filamu la huko. Barua ya chuo mkononi muda wote. Droni ina vibali vyake vingine, anza na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kwa thrila ya dakika nane sioni mnaitakia nini. Kambi za jeshi, polisi na bandari msielekeze lenzi hata kwa bahati mbaya.

SWALI: Tumemaliza kushuti jana, simu imejaa. Nikishawatumia wenzangu WhatsApp naweza kufuta? (Tabata)

JIBU: Usifute! WhatsApp inabana video, watakachopokea sio mlichoshuti. Toa kwa waya, weka kwenye kompyuta moja na kwenye diski nyingine inayolala nyumba tofauti, afu fungua klipu mojamoja zicheze mpaka mwisho, na uvae hedfoni. Ukimaliza zote ndo ufute. Na kama unasoma hapa umeshafuta asubuhi, usirekodi kitu kingine chochote kwenye hiyo simu, ingia kwenye picha, tafuta folda ya vilivyofutwa, simu nyingi zinavitunza kama siku 30. Fanya sasa hivi.