Kisu cha jeshi ulichoachiwa na babu: kabla ya polishi soma hapa

Mkuu, umesema babu amekuachia kisu cha jeshi, mpini wa pete za ngozi, bapa limeingia weusi, na fundi anataka akipige msasa na polishi ndo ukiuze kwa bei nzuri. Naomba sana usimpe. Nakusanya visu vya vita miaka mingi sasa na hela nyingi za warithi nimeona zikipotelea hapo hapo, kwenye kusafisha.

Kuna jamaa aliniletea Fairbairn-Sykes, kile kisu chembamba cha makomando wa Uingereza kilichoanza kutengenezwa 1941, kaachiwa na baba yake mkubwa. Kinang'aa hadi unajiona sura. Sasa matoleo ya mwanzo Wilkinson Sword waliweka jina lao kwenye bapa kwa asidi, maandishi mepesi mno, ukisugua yanakwenda na uchafu. Nikakigeuza geuza kwenye taa nikaona mikia ya herufi mbili tatu basi. Kisu kilikuwa orijino kabisa, lakini mnunuzi wa maana anayataka yale maandishi, na ule weusi wa miaka ndo unaomwambia chuma hakijaguswa. Jamaa aliumia sana na mimi niliumia naye.

Turudi kwako. Mpini wa ngozi peke yake hautoshi kukitambua kisu, visu vingi vya Marekani vya vita ya pili viko hivyo. Chukua tochi ya simu, ilaze pembeni ili herufi zitoe kivuli, angalia bapa pale linapoingia kwenye mpini halafu kile chuma kinachokinga vidole, pande zote. Ukiona USMC (Marines, kikosi cha wanamaji wa Marekani) au USN Mark 2 (jeshi la majini la Marekani) pamoja na jina la mtengenezaji kama KA-BAR, Camillus, Robeson au PAL, uko kwenye ukoo wa kisu cha Marines cha kuanzia 1942. Ila Camillus waliendelea kukitengeneza miaka mingi baada ya vita, kwa hiyo jina lao peke yake halithibitishi kwamba ni cha vitani. Ukiona U.S. M3, aina nyingine ya kisu cha jeshi la Marekani, hiyo ilianza 1943, na hapa ndo pana utamu: za mwanzo zina kiwanda na mwaka kwenye bapa, baadaye mwaka ukaachwa, mwisho maandishi yakahamia kwenye chuma cha kukinga vidole. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 2, kwa hiyo kuwa nayo tu sio dili, bei inategemea kiwanda, mwaka, na imebaki vipi.

Ala usiitupe hata kama imechanika!! M3 ilianza na ala ya ngozi iitwayo M6 kabla ya kuja M8 isiyo ya ngozi, na hiyo M6 wakusanyaji wanaihangaikia yenyewe. Lakini kisu usikihifadhi ndani ya ngozi, ngozi inashika unyevu na dawa zilizotumika kuitengeneza zinakula chuma. Kisu na ala viweke sehemu moja, ila kisu kikae nje ya ala. Kwenye bapa kitambaa laini na mafuta mepesi kidogo sana, yasifike kwenye mpini, basi.

Kuhusu hadithi za babu, zitakuongezea hela zikiwa na karatasi: picha yake na sare, kitabu cha utumishi, barua. Kama alichora jina au namba yake kwenye ala usifute, hiyo ndo inayofunga kisu na zile karatasi. Maneno matupu kila muuzaji anayo.

Bei usimuulize anayetaka kukinunua. Angalia minada, lakini bei zilizolipwa kweli, maana kuandika bei kubwa kwenye tangazo mtu yeyote anaweza, na kabla hujakituma nje ya nchi hakikisha sheria za visu za pande zote mbili. Weka picha za bapa, chuma cha kukinga vidole, kitako cha mpini na ala mbele na nyuma, bila kukifuta hata vumbi, tukiangalie vizuri.