Mwanangu kapata IQ 82, sasa tumpime na alama za vidole?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 9, yuko la nne. Shuleni kwao walikuja watu na tableti wakawapima watoto wote IQ (kipimo cha akili), dakika 25 tu, maswali ya Kiingereza. Wangu kapata 82, ripoti imeandikwa "uwezo mdogo wa kuzaliwa" na mwalimu ananiambia nisipoteze hela ya tuisheni. Haohao wanasema wana kipimo kingine cha alama za vidole, laki tatu, kinaonyesha akili halisi ya mtoto na kazi atakayoiweza akikua. Baba yake anataka tulipe tujue moja. Tufanyeje? (Mama Ilham, Tanga)

JIBU: Marahaba Mama Ilham. Usilipe. Nimeanza na hilo maana najua mzee keshaanza kuitafuta hiyo laki tatu, na maswali kama lako yananijia kila siku mpaka nachoka.

Hiyo 82 wala hainisumbui. Kinachoniudhi ni hayo maneno "ya kuzaliwa". Hakuna kipimo chochote, cha bei yoyote, kinachoingia kichwani kwa mtoto kikasoma akili aliyozaliwa nayo. Kipimo kinasoma majibu basi, yaani siku ile, kwa lugha ile, Ilham alijibuje ukimlinganisha na watoto wa umri wake waliotumika kukitengeneza. Wastani wa hao watoto ndo umepewa jina 100. Sasa waulize hao jamaa, watoto wenyewe walikuwa wa wapi? Kama ni wa Marekani wanaoongea Kiingereza toka wananyonya, basi mwanao wa Tanga kashindanishwa nao kwa lugha yao na kwa saa yao. Na hata tukichukulia kipimo ni kizima, 82 maana yake katika watoto 100 kuna kama 12 hivi walio chini yake, siyo ugonjwa huo. Alafu vipimo vya maana, vile mtaalamu anakaa na mtoto mmoja saa nzima au zaidi, navyo vinakosea pointi tano sita juu au chini na ripoti ya kweli lazima iseme hivo. Cha tableti cha dakika 25 darasa zima lina kelele? Hata sijui niseme nini.

Aliyeanzisha vipimo vya akili hakuvianzisha kwa ajili ya kumwita mtoto mzito. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda kamati kuangalia watoto wanaoshindwa shule, na 1905 mwanasaikolojia Alfred Binet na mwenzie Simon wakatoa kipimo cha kujua nani anahitaji kusaidiwa zaidi. Kusaidiwa, siyo kuachwa. Binet aliwakemea kabisa waliokuwa wanasema akili ya mtu ni kiasi kimoja kisichoongezeka. Akafariki 1911, Wamarekani wakakichukua wakakigeuza kuwa cha kupanga watu madaraja. Vita ya kwanza ya dunia walipima wanajeshi kama milioni 1.7, moja ya maswali likiwa Crisco ni nini, dawa, dawa ya meno au chakula (ni mafuta ya kupikia, kama ulikuwa hujui basi akili zako ndogo). Wasiojua kusoma Kiingereza wakapewa picha, watafute kilichosahaulika, mfano uwanja wa tenisi hauna neti. Mhamiaji ametoka shamba Italia hajawahi kuona tenisi maisha yake yote! Mwanasaikolojia wao mmoja, Carl Brigham, akaandika kitabu 1923 kwamba wahamiaji wa mataifa fulani akili zao ziko chini, 1930 akaja kuyakana mwenyewe maandishini, ila sheria ya kuwabana wahamiaji ilikuwa imeshapita toka 1924.

Huku kwetu nako kumefanyiwa utafiti mzuri tu. Mwanasaikolojia Robert Serpell alichukua watoto wa Zambia na wa Manchester akawapa kazi ya kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi wa Manchester wakawapita wenzao, kwa waya wa Zambia ndo wakaongoza, kwa udongo wakalingana. Wewe umekulia mtaani unajua, mtoto aliyeshinda anatengeneza magari ya waya ana macho na mikono ya namna gani, ila mpe penseli umuwekee saa uone. Na Bagamoyo, kina Robert Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani, waliwapima watoto wa shule, wakawafundisha kidogo namna ya kuliendea swali, muda usiofika hata saa, wakawapima tena. Maksi zikapanda, na waliokuwa chini mwanzo siyo lazima ndo waliobaki chini. Ingekuwa kile kipimo cha kwanza kimesoma cha kuzaliwa, saa moja ingebadilisha nini?

Mimi mwenyewe nayaona haya mezani kwangu. Kuna kazi ya kupanga vibao vyekundu na vyeupe vifanane na picha, saa inahesabu. Mtoto anaweka kibao kimoja, anainua macho kuniangalia kama namruhusu aendelee, anaweka cha pili, ananiangalia tena. Nyumbani kafundishwa usijifanyie mambo mbele ya mkubwa. Sekunde zinakatika na kila sekunde ni maksi. Mimi nimekaa naye nimemuona nitaandika kwenye ripoti, tableti itaandika mzito.

Sasa msinielewe vibaya mkaanza kusema vipimo vyote ni utapeli, hapana, navitumia na vina kazi yake. Vikifanywa vizuri vinaendana kwa kiasi kikubwa na maksi za shule, na vinanionyesha mtoto anaongea vizuri sana lakini ukimpa maelekezo matatu kwa mpigo anabaki na moja, hapo tunajua tumsaidie wapi. Ni kipande cha akili, na kipande muhimu. Kujua kuongea na watu, kubuni, kuvumilia, kujua mnunuzi huyu ananidanganya, havimo.

Kwa Ilham, anza na macho na masikio, hospitali, wiki hii, maana nimeletewa wengi "wazito" ambao ubao walikuwa hawauoni. Wapime na damu na minyoo. Mpe hadithi ya Kiswahili asome kwa sauti akuambie imesema nini, akikwama hapo shida ni kusoma na kusoma kunafundishika, na tuisheni mpe tu. Ikibidi apimwe tena apimwe na mwanasaikolojia, ana kwa ana, kwa lugha anayoiota usiku.

Turudi kwa hawa wa vidole, maana wamezidi. Alama za vidole zinajichora mtoto akiwa tumboni, mwezi wa tano wa mimba zimeshamaliza na hazibadiliki mpaka kufa. Wanachojificha nyuma yake ni kwamba matatizo machache ya kuzaliwa, kama Down (hali ya kuzaliwa inayochelewesha ukuaji na kujifunza), yanaonekana mpaka kwenye mistari ya kiganja. Kutoka hapo kwenda kusema kidole gumba hiki ni cha mhasibu ni ramli ya kwenye kompyuta. Kule India zilikovuma biashara hizi, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kimeshatamka kwamba hazina sayansi yoyote ndani.

Na hawako peke yao. Kuna tovuti zinakupa maswali 20, ukimaliza unaambiwa ulipie uone matokeo, na ajabu kila mtu ni jiniasi. Kuna dawa za kuongeza IQ, kuna gemu za kuongeza IQ (zinakufanya uwe hodari wa hiyo gemu), na siku hizi hata maofisi wanashusha kipimo mtandaoni bure wanakata nacho majina ya waombaji kazi. Mtu yeyote akikuletea kipimo muulize kiliwekewa wastani kwa watoto gani, kinakosea kwa pointi ngapi, na nani mwenye taaluma atasaini ripoti kwa jina lake. Walimu wakuu nawaomba na nyie muwaulize kabla hamjawafungulia geti, na hiyo ripoti iliyoandikwa "ya kuzaliwa" isiingie kwenye faili la mtoto.